Kwenye kikao nilijibu nilichoulizwa tu: jinsi mfumo mpya ulivyonifanya mgeni kazini kwangu

Wakuu, habari za majukumu.

Hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi. Leo naiweka kama ilivyo. Nilichobadilisha ni majina ya watu tu, na kituo chenyewe sitakitaja hata mkinibana vipi huko chini.

Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunishambulia. Mkimaliza, mashambulizi ruksa. Mengine nayastahili.

Mimi ni mtunza kumbukumbu kwenye kituo cha afya cha kijijini, juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Kwetu ni Masasi, maeneo ya Chidya, na ni Mmakua. Kazi yangu ilikuwa kupitia madaftari makubwa ya wagonjwa, kuhesabu, na kupeleka ripoti ya mwezi wilayani. Wenzangu walikuwa wananiita "mtu wa data".

Nilipofika pale sikuwa najua mtu hata mmoja. Nilipanga chumba karibu na mashamba ya mikorosho, dakika kumi kwa mguu hadi kazini. Mnaojua Newala mnajua asubuhi zake, ukungu mpaka unamsikia mtu anakusalimia ndipo unamwona.

Lakini mwaka wa kwanza niliishi vizuri tu. Saa nne asubuhi kila aliyepata nafasi alikuwa anaingia chumba cha kliniki ya mama na mtoto, kunywa chai na mihogo ya kuchemsha. Meza ilikuwa ya Mama Somoe.

Huyu Mama Somoe ndiye hasa sababu ya uzi huu.

Alikuwa muuguzi, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwenyeji wa pale pale. Watoto wengi wa kile kijiji amewapokea yeye kwa mikono yake, na baadhi ya mama zao pia. Alikuwa anaishi na mama yake mzazi ambaye hatembei tena, na kila alfajiri kabla ya kazi alikuwa anamwogesha, anamtoa nje kwenye mkeka, ndipo anakuja kazini. Siku ya kwanza kuniona alinipa kikombe akasema, "Kaa hapa baba, ukisimama tutadhani umetumwa kutukagua." Watu wakacheka. Na mimi nikakaa.

Basi mfumo ukaja.

Nilichaguliwa mimi kwenda semina Masasi mjini, siku tano. Tukafundishwa kwamba sasa madaftari basi, kila mgonjwa anaingizwa kwenye kompyuta pale pale anapohudumiwa. Nilirudi na kompyuta tano kwenye maboksi na kichwa kikubwa kuliko hayo maboksi. Msinicheke, nilikuwa na miaka ishirini na nane na kwa mara ya kwanza kuna jambo nalijua mimi kuliko daktari.

Nikafunga mashine, nikampa kila mtu pasiwedi, nikabandika ukutani karatasi yenye maneno niliyoyatoa semina: USIPOINGIZA, HUJAFANYA KAZI.

Hiyo karatasi niliibandika kwa mikono yangu, wakuu.

Wenzangu hawakuupenda mfumo. Kaka Bakari wa dirisha la dawa alifunika mashine yake kwa kanga, akasema anaikinga na vumbi, na kanga haikutoka wiki nzima. Tekla, nesi kijana aliyetoka chuo juzi tu, huyo nilimtegemea, lakini naye aliandika kwanza kwenye daftari ndipo anaingiza kwenye kompyuta, kazi mara mbili. Nikimuuliza kwa nini, anasema, "Daftari halizimiki."

Mimi moyoni nikawaita washamba. Sikulitamka neno hilo, ila nadhani lilionekana usoni. Nilikuwa nazunguka na kalamu, naandika nani ameingiza wagonjwa wangapi. Mtandao ukiwa chini na mtu akaniambia umekatika, nilikuwa nakwenda kuhakikisha mwenyewe. Fikiria, mtu mzima anakwambia umekatika, wewe unakwenda kuangalia.

Taratibu watu wakaanza kunihama.

Kwanza walikuwa wanabadilisha lugha. Nikiingia, maongezi ya Kiswahili yanageuka Kimakonde, nami nakisikia nusu nusu. Halafu siku moja nikaenda saa nne kwenye chai, nikakuta meza haina kitu. Walikuwa wamehamia nyuma, kwenye kibanda cha kufulia mashuka. Hakuna aliyeniambia nisiende. Hakuna aliyeniambia niende pia.

Nikaanza kunywa chai ofisini kwangu, mlango wazi, ili nionekane niko bize.

Aliyebaki upande wangu alikuwa Mama Somoe. Kikombe changu alikuwa ananiletea mwenyewe. Na ndiye pekee aliyekuja kwa hiari yake kujifunza kompyuta. Mchana, kliniki ikiisha, anavuta kiti, anavaa miwani, anabonyeza kwa kidole kimoja. "Mwanangu, hii K imejificha wapi leo?" Namwonyesha. Dakika mbili mbele anaitafuta tena.

Shida yake ilikuwa asubuhi. Siku za kliniki kina mama wanajaa mpaka nje, watoto wanalia, huyu wa kupimwa uzito, huyu wa chanjo, na yeye yuko peke yake kwa sababu Tekla yuko wodi ya wazazi. Angekaa kutafuta K pale, foleni ingefika barabarani. Akawa anaandika majina na uzito kwenye vipande vya maboksi ya glovu, halafu alasiri ndiyo anaingiza vyote kwenye mashine.

Aliniuliza kabisa. "Nikifanya hivi nakosea?"

Nikamjibu, nakumbuka na nilikuwa nimesimama wapi: "Hapana mama, ingiza tu ukipata nafasi. Haina shida."

Shikeni hilo neno.

Msimu wa korosho uliofuata, mganga mfawidhi, yaani daktari aliyekuwa bosi wetu, akaniita. Akasema kutoka juu wanataka ripoti ya saa. Nani ameingiza nini, saa ngapi. Mimi hata sikujua mfumo unatoa ripoti ya namna hiyo. Akanionyesha pa kubonyeza. Nikachapisha, nikampa, nikarudi kwenye kazi zangu.

Kipindi hicho kulikuwa na fununu kwamba watachaguliwa vijana wachache wawe wakufunzi wa mfumo wilaya nzima, na mfawidhi alishaniambia jina langu amelipeleka. Hilo nalo mlijue.

Wiki moja baadaye wakaja wageni watatu kutoka wilayani. Tukaitwa kikao, wafanyakazi wote.

Ripoti ilisomwa na mmoja wa wale wageni. Watu kadhaa walionywa kwa mdomo. Ilipofika kwa Mama Somoe, yule msomaji akaiweka karatasi chini. Mfumo ulionyesha asubuhi zote za kliniki hana mgonjwa hata mmoja, halafu kina mama wote wanaonekana kati ya saa tisa na saa kumi alasiri.

"Asubuhi unakuwa wapi, mama?"

"Nakuwa kliniki. Napima watoto."

"Mfumo hauonyeshi."

Mama Somoe akatoa vipande vyake vya maboksi kwenye mfuko wa gauni, akavipanga mezani. Yule mgeni akavisogeza kwa kalamu yake. "Hivi ni vipande vya boksi, siyo kumbukumbu."

Kaka Bakari akanyoosha mkono akasema, "Mimi namwona kila siku, dirisha langu linatazama kliniki." Wakamwambia aandike maelezo yake pembeni.

Ndipo Mama Somoe akanigeukia. Aligeuka kwa utulivu kabisa, kama mtu anayejua mambo yameisha. "Muulizeni kijana wetu huyu. Yeye ndiye mwenye mashine."

Yule mgeni akaniuliza, "Mfumo unaweza kukosea saa?"

Wakuu, jibu la swali hilo ni hapana. Nikasema, "Hapana, saa haikosei."

Nikanyamaza.

Nilikuwa na nafasi ya kuongeza sentensi moja. Sentensi moja tu: mimi ndiye niliyemruhusu. Nikawaza jina langu lililopelekwa wilayani, nikawaza nitaonekana sijui kazi yangu, nikaangalia meza. Yule mgeni akafungua ukurasa mwingine.

Mama Somoe alinitazama kidogo, halafu akaanza kukusanya vile vipande, kimoja kimoja.

Akapewa barua ya onyo, na uhamisho. Zahanati ndogo huko chini ya mteremko, mbali na kwake. Aliondoka ndani ya wiki mbili. Mama yake mzazi alipakiwa kwenye pikipiki ya miguu mitatu pamoja na godoro. Mimi niliona kwenye dirisha la ofisi. Wenzangu wote walikuwa nje wanapakia.

Sasa sikieni maajabu.

Baada ya pale, mfumo ulifanya kazi kama saa. Kanga ikatoka kwenye mashine ya Bakari. Daftari la Tekla likafungwa. Kila mgonjwa aliingizwa hapo hapo. Ripoti yetu ikawa ya mfano na mfawidhi akapongezwa.

Lakini nenda ukasimame mlangoni uone. Mama ameshika mtoto anayechemka kwa homa, nesi anaangalia kioo cha kompyuta. "Subiri niingize." Mtu aliyekuwa anamsaidia mwenzake foleni ikizidi, akaacha, kwa sababu kazi ikifanyika kwa pasiwedi ya mwingine haionekani ni yako. Aliyekuwa anapita nyumbani kwa mzazi aliyejifungua akiwa anarudi kwake, akaacha. Mfumo hauna sehemu ya kuandika hilo.

Na mimi hakuna aliyenitukana. Ningefurahi mtu angenitukana. Nilikuwa nasalimiwa vizuri, najibiwa vizuri, kwa Kiswahili safi cha ofisini. Hata utani waliokuwa wakinitania kwa Umakua wangu uliisha. Kuna siku nilikaa kutoka asubuhi hadi kufunga, maneno niliyoyasema yalikuwa "shikamoo", "mambo" na "jaribu kuizima uiwashe tena".

Halafu nikaumwa malaria.

Siku mbili nilikuwa chumbani. Pale kituoni mfanyakazi akiumwa, ilikuwa lazima mtu apite na uji. Mwaka wa kwanza nilipougua tumbo tu, walikuja wanne. Safari hii nililala nikisikiliza watu wakiokota korosho shambani nyuma ya nyumba, wanaitana, wanacheka. Kila hatua ikikaribia ukuta nasema huyu anakuja kwangu. Inapita.

Siku ya tatu nikajikokota mwenyewe hadi kituoni. Nikakaa kwenye benchi na wagonjwa wengine. Nikafika kwa Tekla, siku hiyo alikuwa zamu ya wagonjwa wa nje.

Akaweka vidole kwenye mashine bila kunitazama. "Jina?"

Nikadhani ananitania. "Tekla, ni mimi."

"Jina kamili."

Nikalitaja.

"Umri? Kijiji? Mtu wa karibu wa kupigiwa simu?"

Hapo nikakwama. Nikasema aache wazi. Akasema, "Hairuhusu kuacha wazi." Nikataja namba ya mama yangu Masasi.

"Tekla, unanijua."

Ndipo akaniangalia. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Nakujua, kaka. Mfumo ndio unauliza."

Nilihudumiwa haraka, kipimo, dawa, kila kitu kwa utaratibu. Kaka Bakari akanipa dawa dirishani, akanieleza namna ya kunywa neno kwa neno kama ninavyosikia akiwaeleza watu wasiojua kusoma. Nikarudi chumbani nikalia. Sioni aibu kusema.

Nilipopona, Jumamosi moja nikapanda bodaboda nikateremka mteremko kumtafuta Mama Somoe.

Nilimkuta nje ya zahanati, kwenye kivuli cha ukuta, anakunja pamba na kuzipanga kwenye bakuli la kuchemshia. Pembeni yake, kwenye mkeka, alikuwepo mama yake.

"Shikamoo mama. Shikamoo bibi."

"Marahaba," Mama Somoe akajibu. "Umekuja kukagua?"

Nikasema hapana. Akanionyesha kigoda. Nikakaa, nikasema tu, "Mama, siku ile ya kikao, mimi ndiye niliyekuambia uingize alasiri."

"Ndiyo. Ni wewe."

"Sikusema."

"Hukusema." Akaendelea kukunja. "Nilimwambia mama hapa, yule mtoto amesahau. Ana mambo mengi kichwani. Siku akikumbuka atasema."

Hapo alikuwa amenipa njia ambayo ningeweza kupita. Ningesema ndiyo, nilisahau. Nimewaza sana kuhusu sekunde zile.

Nikasema, "Sikusahau, mama. Nilikumbuka pale pale."

Mikono yake ikasimama. Bibi pale kwenye mkeka akauliza jambo kwa Kimakonde, Mama Somoe akamjibu kwa kifupi.

Akasema, "Basi hapo ndipo umeniumiza."

Akaanza tena kukunja pamba. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo nikiwa natembea peke yangu njiani yananirudia. Alisema, "Unajua mimi ile mashine sikuwa naitaka? Nimebakiza miaka michache nistaafu, ya nini. Nilikuja kujifunza kwa sababu nilikuonea huruma. Ulikuwa unakula peke yako."

Wakati wote ule nilidhani mimi ndiye namsaidia.

Nikamwambia nitaandika barua. Akasema, "Andika. Mimi nimeshasikia, waandikie wao." Hakunikaribisha chakula. Nilipoaga aliitikia.

Jumatatu niliandika. Nikaeleza kwamba maelekezo yalitoka kwangu, kwamba kliniki ile ilikuwa na mtu mmoja na mashine moja ya kugombania na wodi ya wazazi, kwamba saa ya kwenye mfumo ni saa ya kuandika na wala siyo saa ya kuhudumia, na kwamba nililijua hilo nilipoulizwa. Mfawidhi aliisoma mara mbili. "Unajiharibia, kijana." Nikamwambia naelewa. Akaipitisha, hilo namshukuru.

Kwenye mkutano wa asubuhi nikaomba dakika moja nikawaambia wenzangu nilichofanya. Nilipomaliza, Kaka Bakari akasema, "Ungesema siku ile." Akainuka kwenda kufungua dirisha lake. Wengine wakamfuata.

Ndivyo ilivyokuwa. Kama kuna anayesubiri sehemu ya kukumbatiana, haipo.

Majina ya wakufunzi yalipotoka, langu halikuwemo. Baada ya miezi kadhaa ikaja barua: onyo la Mama Somoe limeondolewa kwenye faili lake na anaweza kurudi akitaka. Nilimpigia mwenyewe. Akasikiliza, akashukuru, akasema harudi. "Mama yangu ameshazoea huku. Simpakii tena kwenye pikipiki na godoro."

Siku hizi siku za kliniki natoka ofisini, nakaa na mashine pembeni ya Tekla, aliyechukua nafasi ya Mama Somoe. Yeye anapima, anataja jina na uzito, mimi naingiza. Macho yake yanabaki kwa mtoto. Sikuelekezwa na mtu, na kwenye majukumu yangu haimo. Ripoti inatoka kwa wakati na foleni inakwisha mapema. Mwezi uliopita, mtoto mmoja alinikojolea hadi kwenye kibodi, Tekla akacheka mpaka akakaa chini. Tulicheka wote. Kisha akajikumbuka, akaendelea na kazi.

Nilichojifunza, kwa lugha yangu ya kawaida. Mkiona wafanyakazi wanagomea mfumo mpya, msikimbilie kusema ni wazee au ni washamba. Bakari anatumia simu kuliko mimi. Walichokuwa wanaogopa ni kwamba siku moja mashine itawasema vibaya na mwenye kuijua mashine atakaa kimya. Na ndivyo ilivyotokea, kwa hiyo waliokosea hawakuwa wao. Kama wewe ndiye mtu wa mfumo ofisini kwenu, kazi yako kubwa itakuja siku utakapoulizwa swali fupi na jibu lake fupi likawa halitoshi.

Nimeleta hili hapa kwa sababu hapa kuna walimu, manesi, watu wa benki, watu wa halmashauri, na najua mifumo imewafikia wote.

Swali langu siulizi kwa utani. Kuna yeyote aliyewahi kuwapoteza wenzake kazini kwa namna hii, wakarudi? Ilichukua muda gani, na ulifanya nini? Kama hawakurudi pia niambieni. Ningependa kujua mapema.